Fremu Tupu na Riwaya Zake: Wizi wa Sanaa Usiotatuliwa katika Riwaya ya Uhalifu

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna riwaya ya uhalifu inavyojengwa juu ya matukio halisi ya wizi wa sanaa ambayo hayajapata ufumbuzi. Mwandishi anayechagua kisa cha namna hii hukabiliwa na mvutano baina ya kaida mbili. Kaida ya utanzu humdai alifumbue fumbo, ilhali kaida ya historia humzuia kukirejesha kitu kilichoibwa mahali pake, kwa kuwa msomaji anajua kwamba hakijarudi. Kwa kuzichambua kazi tatu, yaani La Chute ya Albert Camus (1956), Una storia semplice ya Leonardo Sciascia (1989) na The Art Forger ya B. A. Shapiro (2012), makala inaonesha njia tatu za kuushughulikia mvutano huo: kumfanya msimulizi akiri mbele ya shahidi asiyejulikana, kulinyamazia jina la kitu kilichoibwa, na kubuni kitu kingine badala yake. Sehemu ya mwisho inauhusisha uchambuzi huu na riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, pamoja na wizi wa vigango vya Wamijikenda na wa kinyago cha Kimakonde. Hoja inayojengwa ni kwamba visa hivyo vinalibadilisha swali kuu la utanzu kutoka "nani aliiba?" na kuwa "nani alinunua, na aliambiwa nini?"

Maneno makuu: riwaya ya uhalifu, wizi wa sanaa, silsila ya umiliki, ufumbuzi, vigango

1.0 Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Machi 1990, wanaume wawili waliovaa sare za polisi walibisha hodi katika Makumbusho ya Isabella Stewart Gardner mjini Boston, Marekani. Walisema wamekuja kuchunguza taarifa ya fujo, na mlinzi akawafungulia mlango. Baada ya dakika 81 waliondoka na vitu 13, huku walinzi wawili wakiwa wamefungwa katika chumba cha chini ya jengo. Miongoni mwa vitu hivyo vilikuwamo The Concert ya Vermeer. The Storm on the Sea of Galilee, mchoro pekee wa bahari unaojulikana wa Rembrandt. Kazi tano za Degas zilizochorwa juu ya karatasi. Mchoro wa Manet. Chombo cha kale cha shaba kutoka China. Na sanamu ndogo ya tai iliyokuwa kwenye ncha ya mlingoti wa bendera ya jeshi la Napoleon. Thamani ya vitu hivyo imekadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 500, na makumbusho hayo yametangaza zawadi ya dola milioni 10 kwa atakayesaidia kuvirejesha. Hakuna hata kimoja kilichopatikana.

Mwanzilishi wa makumbusho hayo, aliyefariki mwaka 1924, aliagiza katika wasia wake kwamba mpangilio wa vitu usibadilishwe. Kwa sababu hiyo, fremu zilizobaki bila michoro zingali zinaning'inia mahali pale pale. Mgeni anayepita hapo leo huoneshwa ukosefu wenyewe: mstatili wa ukuta uliozungushiwa mbao za dhahabu.

Fremu hizo tupu ndizo zilizozua swali la makala hii. Katika fasihi pendwa, riwaya ya uhalifu hutambulika kwa ahadi inayompa msomaji tangu ukurasa wa kwanza, kwamba kilichofichwa kitafichuliwa. Je, ahadi hiyo hutekelezwaje pale ambapo kisa kilichoivuvia riwaya hakijafichuliwa katika ulimwengu halisi? Je, mwandishi anapolijaza pengo la historia kwa ubunilizi, anaihudumia kumbukumbu ya kilichopotea au anaifunika?

2.0 Riwaya, Isnadi na Silsila ya Umiliki

Neno "riwaya" lenyewe linatupatia nyenzo ya kuanzia. Leo wanafasihi wa Kiswahili hulitumia kwa maana ya kazi ndefu ya kubuni iliyoandikwa kwa nathari. Hata hivyo, maana yake ya awali, ambayo ingali hai katika elimu ya dini na katika masimulizi ya pwani, ni habari iliyopokewa kutoka kwa mtu fulani. Mtu husema, "Kuna riwaya isemayo hivi, na nyingine isemayo vile." Riwaya kwa maana hiyo hupimwa kwa isnadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi: nani kasikia kwa nani, na nani kati yao ni wa kuaminika. Mnyororo ukikatika, habari hudhoofika hata kama maneno yake ni mazuri.

Biashara ya sanaa nayo ina isnadi yake. Kila mchoro wenye thamani huambatana na maelezo ya mikono uliyopitia: mchoraji, mnunuzi wa kwanza, warithi, mnada, dalali, makumbusho. Maelezo hayo nitayaita silsila ya umiliki. Mchoro usio na silsila hushukiwa kuwa wa kughushi au wa wizi, na kwa hiyo hauuziki kwa bei yake. Hapa ndipo unapoonekana ugumu wa mwizi wa sanaa. Aibaye fedha huiba kitu kisicho na jina. Aibaye Vermeer huiba kitu ambacho kila mnunuzi halali anakijua na anajua pia kilikotoka. Ndiyo maana kazi nyingi mashuhuri zikiibwa haziuzwi wazi. Huombewa fidia, huwekwa kama dhamana katika biashara nyingine haramu, hufichwa au huharibiwa.

Wizi usiotatuliwa, basi, ni silsila iliyokatika kiungo kimoja. Tunajua kitu kilikuwa wapi hadi usiku fulani, lakini baada ya usiku huo hatujui. Katika pengo hilo huzaliwa riwaya kwa maana zote mbili. Mfano ulio wazi ni ule wa mchoro wa Caravaggio unaoonesha kuzaliwa kwa Yesu, ulioibwa mwezi Oktoba 1969 kutoka Oratorio ya San Lorenzo mjini Palermo, Sicilia. Katika miaka iliyofuata, watu waliojitoa katika Mafia walitoa ushahidi unaopingana. Mmoja alisimulia kwamba mchoro ulihifadhiwa katika zizi ukaliwa na panya na nguruwe. Mwingine alisimulia kwamba ulipelekwa nje ya nchi ili ukatwe vipande. Kila msimulizi ana habari yake na kila habari ina mpokezi wake, wala hakuna anayeweza kuuleta mchoro mezani ili mabishano yakome. Mwandishi wa riwaya anapoingia katika uwanja huu, anawakuta wasimulizi wengine waliomtangulia.

Ubunilizi nao huweza kurudi na kuathiri namna watu wanavyouelewa uhalifu wenyewe. Mwezi Agosti 1961, picha ya Duke wa Wellington iliyochorwa na Goya iliibwa katika National Gallery mjini London. Mwaka uliofuata ilitoka filamu ya Dr. No, ambamo James Bond anaiona picha hiyo hiyo katika maskani ya adui yake tajiri. Mzaha huo uliwafurahisha watazamaji kwa sababu kisa kilikuwa bado hakijatatuliwa. Picha halisi ilipopatikana mwaka 1965, aliyejisalimisha alikuwa dereva wa basi mstaafu, na madai yake yalihusu ada ya leseni ya televisheni kwa wazee. Hata hivyo, taswira ya bilionea anayejifungia na michoro ya wizi iliendelea kutawala fikra za watu kuliko ya mzee yule. Taswira hiyo imekuwa motifu ya utanzu huu, na ni motifu inayopotosha, kwa kuwa inaielekeza hasira ya msomaji kwa mhusika wa ajabu na kumsahaulisha soko la kawaida.

3.0 Njia Tatu za Kulikabili Pengo

Mwandishi anayekijenga kisa chake juu ya wizi halisi usiotatuliwa hufungwa na sharti ambalo mwandishi wa kisa cha kubuni kabisa halijui. Hawezi kukimaliza kisa kwa kukirudisha kitu ukutani. Akifanya hivyo, msomaji atakumbuka kwamba ukuta ungali mtupu, na ulimwengu wa riwaya utaachana na ulimwengu wake. Sharti hili nitaliita kanuni ya fremu tupu. Kazi tatu zifuatazo zinaitii kanuni hiyo kwa njia tofauti.

3.1 Ungamo Mbele ya Shahidi Asiyejulikana: La Chute

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Aprili 1934, mbao mbili za madhabahu mashuhuri ya ndugu Hubert na Jan van Eyck, iliyokamilishwa mwaka 1432, ziliibwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Bavo mjini Ghent, Ubelgiji. Mwizi aliacha karatasi iliyoeleza kwamba mbao zilichukuliwa Ujerumani kwa Mkataba wa Versailles. Baadaye zilifuata barua za kudai fidia ya faranga milioni moja za Ubelgiji, na ubao mmoja, wenye picha ya Yohana Mbatizaji, ulirudishwa. Mwezi Novemba mwaka huo, dalali wa hisa aitwaye Arsène Goedertier alidai alipokuwa mahututi kwamba yeye peke yake ndiye aliyejua ulipo ubao wa pili, uitwao Mahakimu Waadilifu. Alifariki bila kupataja mahali penyewe. Leo pengo hilo limejazwa na nakala iliyochorwa na Jef Van der Veken.

Camus aliichukua hali hii na kuiweka karibu na mwisho wa La Chute, yaani Anguko. Msimulizi, Jean-Baptiste Clamence, aliyekuwa wakili mjini Paris, anamsimulia mtu aliyekutana naye katika baa ya Mexico-City mjini Amsterdam habari za maisha yake, hasa usiku alipomsikia mwanamke akitumbukia mtoni asimwokoe. Katika kurasa za mwisho anafungua kabati chumbani mwake na kumwonesha msikilizaji ubao wa Mahakimu Waadilifu. Uliuzwa kwa mwenye baa na mteja mmoja kwa kinywaji, ukatundikwa ukutani, kisha ukahamia kwa Clamence.

La Chute haiainishwi kwa kawaida kama riwaya ya uhalifu, lakini muundo wake unautegemea utanzu huo: yupo mhalifu, kipo kielelezo cha wizi, lipo ungamo, na yupo msikilizaji ambaye huenda akawa polisi. Clamence anatamani awe polisi ili akamatwe. Msikilizaji anadhihirika kuwa wakili kama yeye, na jina lake halitajwi kamwe. Kwa hiyo kanuni ya fremu tupu inatiiwa. Fumbo limefumbuliwa kwa msomaji, lakini ufumbuzi umebaki ndani ya chumba kimoja, baina ya mtu asiyeaminika na mtu asiyejulikana. Kwa lugha ya isnadi, habari imetufikia kupitia mpokezi dhaifu. Hatuna haki ya kuipeleka Ghent.

Uteuzi wa kitu kilichoibwa nao una uzito wa kidhamira. Mahakimu waadilifu wamefungiwa kabatini, na ulimwengu unawastahi mahakimu wa nakala. Camus hakulazimika kuibuni kinaya hiyo, kwani aliikuta katika historia. Alichofanya ni kumpa umiliki wa ubao mtu ambaye kazi yake ni kujihukumu ili apate ruhusa ya kuwahukumu wengine.

3.2 Kulinyamazia Jina: Una storia semplice

Leonardo Sciascia, Msicilia aliyeitumia riwaya ya upelelezi kuichunguza Mafia na dola, alichapisha Una storia semplice, yaani Kisa Chepesi, mwaka 1989, mwaka aliofariki. Mwanadiplomasia anayeishi ughaibuni anarudi katika nyumba ya ukoo wake iliyoachwa ukiwa, anawapigia polisi simu akisema kuna kitu amekikuta, na kesho yake anapatikana amekufa. Kwenye karatasi iliyo mbele yake yapo maneno machache yasemayo kwamba amekuta kitu, yakifuatiwa na nukta. Wakubwa wanasema amejiua. Askari wa cheo cha chini anaitazama nukta hiyo na kujiuliza: mtu anayekusudia kuendelea na sentensi ataiwekaje nukta?

Kupitia rafiki wa marehemu inajulikana kwamba kitu kilichokutwa ni mchoro. Wahakiki wameuhusisha mchoro huo na Caravaggio wa Palermo, lakini Sciascia hakuufanya kuwa kiini cha taharuki. Msomaji haoneshwi turubai hata mara moja, kwa kuwa uchunguzi unapofika katika dari ya nyumba ile kilichokuwamo kimekwisha kuhamishwa. Kinachofichuliwa ni mkono wa kamishna wa polisi mwenyewe. Katika nyumba anayodai kutoijua, anaigusa swichi ya taa iliyojificha bila kuitafuta.

Njia ya Sciascia, basi, ni kuhamisha ufumbuzi. Swali la "mchoro uko wapi?" linaachwa na mahali pake linachukuliwa na swali la "nani miongoni mwa walinzi wa sheria aliyejua?" Swali hili la pili linajibiwa, lakini jibu lake halifiki mahakamani. Kamishna anauawa na yule askari katika hali ya kujihami, na wakubwa wanaafikiana kuliita tukio hilo ajali. Zaidi ya hayo, msafiri aliyewahi kutiwa kizuizini bila kosa anamtambua padri mmoja kuwa ndiye aliyemwona mahali pa uhalifu. Anakumbuka yaliyomsibu aliposaidia polisi mara ya kwanza, kisha anaondoka bila kusema. Msomaji anabaki na elimu ambayo jamii ya ndani ya riwaya imeikataa. Huo ndio mchango mkubwa wa kazi hii katika utanzu: inaonesha kwamba baadhi ya mafumbo hayafumbuliwi kwa sababu kuna gharama ya kuyafumbua, na wenye kujua wameipima gharama hiyo.

3.3 Kubuni Kitu Badala: The Art Forger

B. A. Shapiro aliuendea wizi wa Boston waziwazi. Katika The Art Forger (2012), mchoraji kijana aitwaye Claire Roth, ambaye jina lake limeharibika miongoni mwa wasanii, anajipatia riziki kwa kuchora nakala halali za kazi mashuhuri. Mwenye jumba la sanaa, Aiden Markel, anamletea mchoro wa Degas ulioibwa Gardner na kumwomba autolee nakala. Ujira wake ni fedha na maonesho yake binafsi. Claire anapoukagua kwa jicho la fundi, anashuku kwamba hata huo ulioibwa haukuwa wa Degas.

Shapiro amefanya uteuzi wa makusudi. Mchoro unaoitwa After the Bath katika riwaya hii haumo katika orodha ya vitu 13 vilivyoibwa. Kazi za Degas zilizopotea kweli ni michoro midogo ya karatasi. Kwa kuongeza kitu kisichokuwapo, mwandishi amejipatia uhuru kamili wa kukitafuta, kukigundua na kukifumbua bila kuzigusa fremu halisi. Kanuni imetiiwa kwa kuizunguka. Msomaji anapata utamu wa ufumbuzi, na Makumbusho ya Gardner yanabaki kama yalivyo.

Nguvu ya riwaya hii imo katika ufundi wake wa maelezo. Mbinu za kughushi, kuanzia kukwangua turubai ya zamani hadi kuoka rangi ili ikauke kama ya karne iliyopita, zinasimuliwa hatua kwa hatua, na barua za kubuni za Isabella Gardner kwa mpwa wake zinaingizwa baina ya sura. Barua hizo zinatimiza kazi ya silsila: zinampa msomaji viungo ambavyo wahusika hawana. Kasoro yake ni kwamba upotevu wenyewe unageuka kuwa kisingizio. Claire anahangaikia jina lake, nasi tunahangaika naye, na mwisho wa kitabu tunaweza kusahau kwamba vitu 13 halisi havijulikani viliko.

3.4 Ulinganisho

Njia hizi tatu zinatofautiana katika mahali zinapoiweka hasara. Kwa Camus hasara ni ya kimaadili: uadilifu umeibwa na nakala inatosha. Kwa Sciascia hasara ni ya kisiasa: taifa limezoea kuona na kunyamaza. Kwa Shapiro hasara ni ya kitaaluma: kipaji cha kweli kimenyimwa jina na jina limepewa asiyestahili. Kazi zote tatu, hata hivyo, zinakubaliana katika jambo moja. Kitu kilichoibwa ni kazi ya sanaa kwa maana ya Kizungu, yaani kitu cha kutazamwa, chenye mchoraji anayejulikana, kilichowekwa kanisani au katika makumbusho. Aliyeibiwa ni taasisi au umma. Hakuna katika riwaya hizi familia inayolala njaa au kuugua kwa sababu mchoro umeondoka. Tukihamia pwani ya Afrika Mashariki, dhana hiyo haitoshi tena.

4.0 Vigango, Kinyago na Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza na fumbo linalofungwa kikamilifu. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa na kiko chake, mtu wa kufikiri, ambaye mwishoni huweka kila kidokezo mahali pake. Kidokezo kilichodhaniwa kuwa cha mizimu hugeuka kuwa cha binadamu mwenye tamaa. Katika Kufa na Kupona (1974), Elvis Musiba alimtuma Willy Gamba Nairobi kufuatilia nyaraka za siri za harakati za ukombozi zilizoibwa Dar es Salaam. Wizi wa kitu, safari ya kukifuata na mtandao wa wanaofaidika nacho ni mambo ambayo utanzu huu umeyazoea. Zana za kusimulia wizi wa sanaa, kwa hiyo, zimo tayari katika mapokeo yetu. Visa navyo vipo.

Kisa cha kwanza ni cha kinyago cha Kimakonde kiitwacho lipiko. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yalivunjwa na vitu kadhaa vikaibwa, kinyago hicho kikiwamo. Mwaka uliofuata kilinunuliwa mjini Paris na kuingizwa katika makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva. Mwaka 1990 mtafiti mmoja alikitambua. Ilichukua miaka 20 ya majadiliano, yaliyohitimishwa kwa usaidizi wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho, hadi kikarejeshwa Tanzania mwaka 2010. Kwa upande wa kitu, hadithi imefungwa: kimerudi. Kwa upande wa silsila, kiungo cha kati kimebaki gizani. Nani alikitoa Dar es Salaam? Kilipita mikononi mwa nani kabla ya kufika Paris? Hapa tunaona kinyume cha kisa cha Gardner. Fremu imejazwa, lakini riwaya haijakamilika.

Kisa cha pili ni cha vigango. Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa na kusimamishwa na Wamijikenda, hasa Wagiriama, kwa ajili ya kumkumbuka mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Hakikusudiwi kuuzwa wala kuhamishwa ovyo, kwa sababu ni makao ya roho ya mzee na kiungo chake na waliobaki. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mwenyeji mmoja wa pwani ya Kenya akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wanataaluma nchini Marekani, Udvardy alikiona kimojawapo katika picha zilizooneshwa za mkusanyo wa makumbusho ya jimbo la Illinois. Kwa kushirikiana na Linda Giles alifuatilia hadi kigango cha pili kikapatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Vyote viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2007. Vigango vingine vingi vilivyouzwa ughaibuni havina picha ya namna hiyo ya kuvishuhudia.

Kwa mwandishi wa riwaya, kisa hiki kina kila kiungo cha taharuki: picha iliyopigwa bila kujua kwamba itakuwa ushahidi, utambuzi wa ghafla ndani ya ukumbi wa mkutano, na safari ya kurudi. Kwa mhakiki, kinalipa jambo zito zaidi. Nguzo ile haikuwa sanaa kwa waliyoibiwa. Ilikuwa mtu wao. Familia zilizoibiwa zimeyahusisha maradhi na ukame na kuondolewa kwa wazee wao. Uhalifu huo unakaribia utekaji kuliko wizi, na neno "sanaa" lenyewe ni kazi ya dalali. Ndilo lililomwezesha kuandika "nguzo ya ukumbusho, Kenya" penye jina la baba wa mtu.

Ufumbuzi katika kisa kama hiki haupatikani kwa kumtaja kijana aliyeing'oa nguzo usiku. Huyo mara nyingi ni maskini wa kijiji jirani, na ujira wake ni mdogo mno ukilinganishwa na bei ya dukani. Uzito uko kwa wanaofuata: mwenye duka la watalii, msafirishaji, mkusanyaji, na makumbusho iliyopokea zawadi bila kuuliza. Ndiyo maana swali la "nani aliiba?" halitoshi. Swali linalozaa msuko ni "nani alinunua, na aliambiwa nini?" Bwana Msa, aliyezoea kuonesha kwamba nyuma ya mzimu yupo binadamu, angelazimika hapa kwenda pande zote mbili: kuonesha kwamba nyuma ya "sanaa" yupo mfanyabiashara, na kwamba nyuma ya biashara yupo mzimu wa kweli, kwa maana ya mahali patakatifu palipovunjwa.

Hapa lipo pia onyo kwa waandishi. Katika wizi wa Boston, msomaji huweza kuwapenda wezi kwa ujasiri wao, kwa kuwa aliyeibiwa ni jengo. Akiburudika hivyo na wizi wa kigango, atakuwa amejiunga na mnunuzi. Riwaya ya Kiswahili itakayokichukua kisa cha aina hii italazimika kumpa sauti yule anayeulinda mji ambao nguzo yake haipo, bila kumgeuza kuwa pambo la kienyeji. Itabidi pia iamue iwapo nguzo itarudi mwishoni. Kwa kuwa baadhi ya vigango vimerudi na vingi havijarudi, historia inaruhusu miisho yote miwili, mradi mwandishi asimdanganye msomaji kuhusu upi ulio wa kawaida.

5.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba wizi wa sanaa usiotatuliwa huiwekea riwaya ya uhalifu sharti la pekee: fumbo lifumbuliwe bila kuijaza fremu ambayo historia imeiacha tupu. Camus alilitimiza sharti hilo kwa ungamo lisiloweza kupelekwa mbele, Sciascia kwa kuuhamishia ufumbuzi kwa walinzi wa sheria, na Shapiro kwa kubuni kitu ambacho hakikuwahi kuibwa. Kwa kuzisoma kazi hizo kwa dhana ya isnadi na silsila, tumeona kwamba kinachoibwa pamoja na mchoro ni habari ya mikono uliyopitia, na kwamba riwaya hufanya kazi ya kubuni viungo vilivyokatika.

Visa vya kinyago na vya vigango vinaithibitisha dhana hii na kuirekebisha. Vinaithibitisha kwa kuwa urejeshwaji wa vitu hivyo ulitegemea viungo vya silsila: mtafiti aliyekitambua kinyago, na picha moja ya mwaka 1985. Vinairekebisha kwa kuwa vinaonesha kwamba kitu kinaweza kurudi na kosa likabaki bila mwenyewe. Utafiti wa baadaye katika riwaya pendwa ya Kiswahili unaweza kuanzia hapo: kuchunguza ni vitu gani huibwa katika riwaya zetu, nani huhesabiwa kuwa ameibiwa, na ni mara ngapi mnunuzi hufikishwa mbele ya msomaji pamoja na mwizi.